Samli Kwenye Katani

Baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko maneno mazuri. Ng'ombe aliwaswaga kwa miguu kutoka kaskazini, mimi nikiwa bado mgongoni kwa mama, mpaka wakafika huku Mpimbwe penye malisho na mbuga za mpunga. Maneno mazuri sijui yalimfia wapi njiani. Nasema hivi nikiwa mwanawe wa kumzaa, na anayetaka kunikumbusha kwamba marehemu hasemwi vibaya asijisumbue, kwa sababu hajafa. Yupo, anakula, anatukana.

Kwenye boma letu, nje kidogo ya Majimoto, kulikuwa na nyumba mbili. Ya tofali za kuchoma na bati ilikuwa ya mama mdogo, aliyemzalia baba wavulana mfululizo. Ya udongo na nyasi ilikuwa ya mama yangu, mke mkubwa, aliyemzalia mabinti. Mimi ndiye binti wa mwisho. Baada yangu mama alijifungua mtoto mmoja wa kiume, huku huku Mpimbwe, naye mtoto akafa kabla hajatambaa. Alizikwa nyuma ya nyumba ya mama, karibu na ukuta wa chumba alicholala mama. Tangu hapo baba hakumwita mama kwa jina lingine ila "mama wasichana", na alilitamka hata mbele ya wageni kama mtu anayetaja ugonjwa.

Kwetu kuezeka nyasi ni kazi ya wanaume. Baba aliwakataza vijana wa boma kupanda juu ya paa la mama. Hakupiga kelele, hakugombana na mtu. Alikataza tu, kisha akakaa kutazama. Mchwa wakala fito. Kiangazi ng'ombe wenyewe walinyoosha shingo wakachomoa nyasi za ukingoni, na baba akasema angalau paa la mama wasichana limefaa kwa jambo moja. Masika yalipokuja mama alihamisha kitanda kutoka kona hii kwenda ile akikimbia matone, mpaka kona zikamwishia.

Kitu kimoja tu cha mama baba alikihitaji, nacho ni kamba. Mama alikuwa msokotaji. Ule uzio wa mkonge uliozunguka zizi aliupanda yeye, mche kwa mche, na ndio uliokuwa shamba lake. Alikata majani, akayalaza juu ya ubao na kuyaparuza kwa panga butu mpaka nyama ya jani itoke na nyuzi zibaki. Utomvu wa mkonge unawasha. Mimi nikimsaidia nilijikuna mpaka damu, lakini ngozi yake ilikwisha kuzoea. Aliziosha nyuzi, akazianika, na hapo ndipo ikaja kazi iliyomtofautisha na wasokotaji wengine wote wa upande ule. Alichota samli kwenye kibuyu akazipaka nyuzi, uzi kwa uzi, kwa vidole viwili, kabla ya kusokota.

"Ng'wanone," aliniambia nikiwa mdogo, maana Kisukuma ndicho kilichokuwa cha nyumbani na neno hilo maana yake ni mwanangu, "katani ina kiu. Usipoinywesha samli inakauka kwa ndani, na siku usiyoitegemea inakatika."

"Si tuisokote kwanza, halafu tupake?"

"Ukipaka nje umeipa harufu tu."

Kamba ya mama haikukata shingo ya mnyama na haikukatika. Baba hakuonja ugali wa mama kwa miaka, ila hakuna ng'ombe wake aliyefungwa kwa kamba ya mtu mwingine. Hata yule dume wake mkubwa, fahari ya boma zima, alifungwa kwa kamba ya mama, na zaidi ya kamba alikuwa na deni la uhai kwake. Ng'ombe mama yake alikufa akimzaa. Baba alisema atupwe. Mama yangu akambeba, akamlaza karibu na mafiga ndani ya nyumba yake na kumnywesha maziwa kwa kumnyonyesha vidole, mpaka akasimama. Alipokuwa dume mwenye nundu ya kutisha watu, bado kila alipopita nyuma ya nyumba ile alisimama akanusa ukuta. Mama alimwitikia kutoka ndani kama anavyoitikiwa mtoto.

Mimi niliolewa Mpanda mjini, nikaachika, nikabaki Nsemulwa na chumba cha kupanga. Ndipo nilipopata kazi kwa mama mmoja fundi wa vigae. Wazazi wake walikuja nchi hii kutoka Burundi, yeye mwenyewe kazaliwa hapa, mwembamba, mkali, mlokole wa kuimba akiwa kazini. Vigae vyake vilikuwa vya saruji, mchanga na katani iliyokatwa vipande vifupi. Unachanganya urojo mzito, unaumwaga juu ya nailoni kwenye meza inayotikiswa na betri ya pikipiki, unauhamishia kwenye kibao chenye mgongo ili upate umbo, kesho yake unakitumbukiza kigae kwenye maji kikomae.

Alikuwa na sheria zake na hakutaka mjadala. Katani iloweshwe na ioshwe mpaka utamu uishe, maana utamu wa mkonge unaizuia saruji isikaze. Tulitafuna uzi kwanza, na ukisikia ladha yoyote ulirudi kwenye karai. Ikaushwe juani. Saruji ichanganywe na majivu ya pumba za mpunga, ambayo tuliagiza kwa watu wa mashine za kukoboa, kwa sababu saruji peke yake ni kali mno, inakula katani pole pole miaka inavyokwenda, na majivu yanaipunguza makali. Na katani iingie ikiwa tupu.

"Uchi," alisema. "Kama mlivyozaliwa nyie."

Siku yangu ya kwanza aliweka vigae viwili chini, kila kimoja juu ya vijiti viwili. Kimoja kilikuwa cha saruji tupu, kingine cha katani. Alikanyaga cha kwanza kikavunjika papo hapo. Alikanyaga cha pili kikapasuka, lakini vipande havikuachana. Nyuzi zilivishika, na kigae kikapinda taratibu chini ya mguu wake. "Hiyo ndiyo kazi ya katani," alisema. "Haizuii kupasuka. Inakupa nafasi ya kushuka." Niliyapenda maneno yale kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia, na siku ile ile nikawaza paa la mama.

Nilikwenda Majimoto kabla ya mvua. Nilimkuta baba amekaa nje na majirani wakinywa pombe, mama mdogo akiwahudumia. Nilipiga magoti nikasalimia, nikamwambia nataka kumwezekea mama.

"Kwa bati?" aliuliza.

"Bati naweza kuleta, baba. Kidogo kidogo."

"Bati la binti halipandi kwenye boma langu. Watu watasema nimeshindwa."

Nikamweleza habari ya vigae. Alisikiliza kichwa ameinamisha upande, kisha akawageukia wenzake. "Mmesikia. Unga wa dukani na majani ya uzio wangu." Walicheka. Nilidhani yameishia hapo, lakini baba hakuwa mtu wa kuacha kicheko kipite bila kukitafuna.

"Sawa," alisema. "Tengenezeni. Siku vikiwa tayari, mama wasichana atapanda juu ya kimoja asimame. Kikimbeba, ezekeni, akae humo mpaka afe, sitasema neno. Kikivunjika, unamchukua unaenda naye huko kwenu mjini, na nyumba yake inakuwa ya ndama."

"Kwa nini apande yeye?"

"Si ndiye atakayelala chini yake?"

Mama mdogo alicheka mpaka akashika nguzo. Nilitaka kukataa. Nilikwenda kwa mama nikamwambia tuondoke zetu, twende Nsemulwa kesho, tumwachie baba nyumba yake azibe nayo mdomo. Mama alikuwa anaparuza mkonge, hakuinua kichwa.

"Mtoto wangu yupo hapo nyuma," alisema. "Siwezi kumwachia ndama wamkanyage. Tengeneza vigae, nitapanda."

Basi nilileta meza, vibao na saruji kwa lori lililokuwa linakuja mnadani, na mama akashika kazi ya katani. Nilimpa sheria za fundi zote: osha, kausha, kata, na iingie tupu. Aliitikia kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwake. Alikaa nje ya nyumba tangu jua linachomoza, akiparuza na kuosha, anatafuna uzi na kutema, anaosha tena. Usiku alikata vipande ndani na asubuhi nilikuta gunia limejaa mlangoni.

Katani ya gunia la kwanza ilikuwa laini ajabu. Ile ya fundi wangu ilikuwa inachoma viganja, hii ilipita kwenye vidole kama nywele za mtoto.

"Hii mikono yako, mayu," nilimwambia mama.

Alicheka akiziba mdomo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipokuwa wadogo. Harufu ya samli ilikuwepo, naam. Ilikuwepo kwenye kila kitu ndani ya nyumba ile, kwenye blanketi, kwenye ugali, kwenye nywele zangu mwenyewe baada ya kulala pale siku mbili. Ningeishangaa kama isingekuwepo.

Vigae vilitoka vizuri kwa macho. Tulivikomaza kwenye shimo tulilotandika nailoni, tukavitoa, vikakauka kivulini. Mama alivipitia akivigonga kwa kidole cha kati akisikiliza, kama anayechagua chungu. Baba alipita mara moja, akavitazama, akasema vinafanana na makaburi ya panya.

Siku ya jaribio watu walikuja kama wanakuja harusini. Sijui nani aliwaalika, ila namjua baba. Alikuwa amepanga tofali pande mbili, kimo cha goti, na kuacha nafasi katikati.

"Baba, fundi huweka chini kabisa," nilisema. "Kidogo tu juu ya ardhi."

"Paa lako liko chini?"

Watu wakacheka. Akamgeukia mama. "Chagua mwenyewe, nisije nikaambiwa nimekuonea."

Mama aliviendea vigae. Hakubahatisha. Alipita hiki na hiki, akafika kwenye fungu la mwanzo kabisa, akakitoa kimoja na kukibeba mwenyewe kifuani. Aliponipita alinitazama akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la mtu mwenye siri nzuri. Sikuelewa. Alikiweka juu ya tofali, akavua kandambili zake, akashika bega langu akapanda. Kisha akaliachia bega.

Kikambeba. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye walisimulia kwamba kilivunjika alipogusa tu. Kilimbeba muda wa kutosha mama mmoja jirani akapiga kigelegele, na muda wa kutosha mama mdogo akanyamaza. Mama alisimama pale juu miguu mitupu, mgongo umenyooka, akitazama zizi aliloliwekea uzio kwa mikono yake. Nilimwona baba anatafuta la kufanya.

"Geuka," alimwambia. "Watu wa upande huu hawajakuona."

Mama akageuka, na kigae kikavunjika. Hakikupasuka kwanza, hakikupinda, hakikumpa nafasi ya kushuka. Alianguka kwa ubavu juu ya tofali na nilisikia nyonga yake ikilia.

Nilipomfikia hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anatazama ukingo wa kigae. Nyuzi zilitokeza pale kilipovunjika, ndefu, nzima, zinang'aa, bila chembe ya saruji juu yake. Hazikukatika hata moja. Zilichomoka tu. Mama alizigusa kwa kidole akaniangalia kama mtu aliyeibiwa.

"Lakini nilizipaka samli," alisema. "Zote. Nilimaliza kibuyu."

Alisema kwa sauti, mbele ya watu wote. Alikuwa anaitetea kazi yake. Alidhani akieleza jinsi alivyoihudumia katani ile, mtu atatambua kwamba pametokea makosa mahali pengine, na jaribio litarudiwa. Samli ile alikuwa anaiweka tangu msimu uliopita, kijiko kwa kijiko, kutoka kwenye maziwa aliyoachiwa. Aliwaza wale akina mama wa mjini wanajua saruji, katani hawaijui, na kama kamba ya dume inahitaji samli, paa la kufia humo litahitaji mara mbili.

Baba aliokota nusu ya kigae. Alikinusa. Akampa jirani, naye akanusa, akampa mwenzake, kikazunguka kwa watu pua kwa pua.

"Mama wasichana," baba alisema, "amekaanga paa."

Nimesikia watu wakicheka katika maisha yangu, lakini sijasikia kicheko kama kile. Hata yule aliyepiga kigelegele alicheka. Walikuwa wanapangusa machozi huku mama yangu amelala kwenye vifusi na mguu wake umeelekea upande usio wake. Niliwachukia wote kwa pamoja, na bado nawachukia, wengine wakinisalimia stendi huwa nageuza uso.

"Mpakie," baba aliniambia. "Tulikubaliana."

Nilimpakia. Tulimlaza juu ya magunia ya mpunga nyuma ya lori lililokuwa linakwenda Mpanda. Dereva aliomba dakika za kukaza turubai, na katika dakika hizo baba aliwaamrisha wavulana watoe kitanda cha mama nje. Kikatoka kitanda, likatoka sanduku, vikatoka vyungu. Kisha wakaingiza ndama. Mama aliona yote kutoka juu ya magunia, kwa sababu nilikuwa nimemlaza kichwa kikielekea nyumbani, nikidhani namfanyia wema.

Nyonga iliunga vibaya. Hospitali walifanya walichoweza, lakini mguu ulibaki mfupi na mama akawa mtu wa fimbo. Fundi wangu alikuja kumtazama na chupa ya uji, akasikiliza habari yote.

"Mafuta na saruji havilali kitanda kimoja," alisema mwishowe. "Saruji inataka kushika uzi. Ukiupaka mafuta inashika hewa. Sikukwambia kwa sababu sijawahi kuona mtu anapaka katani samli."

Mama alikuwa anasikiliza uso kwa ukuta. "Gunia la mwisho halikupata," alisema. "Samli iliisha."

"Kwa hiyo vigae vya mwisho ni vizima?" nilimuuliza.

"Labda."

"Sasa kwa nini ulichagua cha kwanza?"

"Nilichagua kizuri," alisema, akafumba macho.

Vya mwisho vilikuwa vizima kweli. Baba, ambaye hatupi kitu, alipanga upya fito akaezeka navyo sehemu ya nyumba ile wanapolala ndama, kwingine akatupia turubai. Masika yakapita, vigae havikutoa tone. Habari hizi nililetewa na watu wa mpunga waliokuja mjini, na walinipongeza.

Mama alikaa nami Nsemulwa. Asubuhi nilikwenda kwenye vigae, yeye alikaa uani na mguu wake umenyooshwa, akasokota kamba za mbuzi na za kuanikia nguo. Kamba za wateja wake alizipaka samli kama kawaida, uzi kwa uzi. Hakumtaja baba. Mara chache alitaja mtoto wake, akiuliza kama ndama wa siku hizi wana kwato nzito. Nilimjibu kwamba sijui. Nilikuwa nimechoka kudanganya vizuri.

Baba alikuja masika ya pili yakiwa yanaishia, nyuma ya pikipiki ya mmoja wa wavulana wake. Alikaa kwenye kiti changu cha pekee, akanywa maji, akamtazama mama anavyotoka ndani na fimbo.

"Bado unatembea na mti," alisema.

"Bado, baba," mama alijibu.

"Nyumba yako nzuri. Ndama wanalala pakavu."

"Vizuri."

Nilikuwa nimeshika sufuria, na namshukuru Mungu ilikuwa tupu. Baba akaendelea kwamba anataka kamba. Ile ya dume imezeeka, wasokotaji wa Majimoto ni wababaishaji, na kiangazi kitakapokolea atampeleka dume mnadani. Hatamuuza, alisema. Anataka tu watu wamwone.

"Nitasokota," mama alisema.

"Uipake vizuri."

"Kazi yangu naijua."

Baba alirudi Majimoto na kusema atamtuma kijana kuifuata. Mama aliagiza mkonge mrefu kutoka Kabungu. Aliuparuza mwenyewe, akaosha, akaanika, na nilipoona nyuzi zimekauka nilimletea kopo la samli nikaliweka karibu na goti lake. Hakuligusa. Alianza kusokota katani kavu, juu ya paja la mguu mzima, inatoa vumbi. Alisokota nyuzi tatu nene, akaziunganisha kamba moja, nene kama kifundo cha mkono wangu. Sijawahi kuona kamba yake iliyopendeza vile. Ilipokwisha ndipo alipochovya kidole kwenye samli, akaanza kuipitisha juu ya kamba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mayu," nilisema, "ulinifundisha kwamba nje ni harufu tu."

"Ndiyo."

"Itabeba mpaka lini?"

"Wakati huu wa unyevu itabeba. Jua likikaza itajisemea yenyewe."

"Atafungwa dume yule. Yule uliyemlea."

"Najua atafungwa nani," alisema, na kidole hakikusimama.

Sikumzuia, na sioni aibu. Kijana alipokuja alipokea kamba na kuipeleka. Baba alipiga simu siku ile ile kusema ameinusa, na kwamba mama wasichana bado ana mkono. Nilimpelekea mama salamu hizo. Alisema asante.

Kiangazi kilikuwa kimekolea yule kijana aliponipigia, safari hii sauti yake ikiwa ya chini. Alisema baba alimfunga dume kwenye nguzo katikati ya mnada, watu wamejaa, akawa anaeleza jinsi alivyomlea tangu mama yake alipokufa akimzaa. Alikuwa bado anaeleza kamba ilipokatika. Haikufumuka, ilikatika. Dume aliyumba, akashtuka, akakimbia katikati ya pikipiki na akina mama wa nyanya, mpaka akatumbukia kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga akavunjika mguu wa mbele. Wakamchinja hapo hapo. Baba alisimama na kipande cha kamba mkononi, na watu walipoona hakuna aliyeumia wakaanza kucheka.

"Wamemcheka, dada," kijana alisema. "Wamemcheka sana. Mmoja kamwambia akaikaange hiyo kamba."

Nilimwambia mama yote isipokuwa kwamba dume alilia kabla ya kisu, lakini nadhani hilo alilijua.

"Imekatikia wapi?" aliuliza.

"Mguu wa mbele, kasema."

"Nauliza kamba."

"Katikati."

Alitikisa kichwa kukubali, kama fundi aliyeulizwa na fundi mwenzake.

Kwetu aliyemlea ndama kwa mkono wake hana budi kupewa fungu lake ndama huyo akichinjwa, na baba kwa ukatili wake wote hajawahi kuvunja desturi ya nyama. Basi likaja furushi kwa basi la Majimoto, kidari kilichokaushwa kwa moto, kimefungwa kwenye gazeti na kipande cha kamba. Kamba yenyewe ilikuwa ile ile. Hapakuwa na salamu. Nilitaka kulitupa furushi, lakini mama alininyang'anya.

Alipika mwenyewe. Aliichemsha nyama mchana mzima mpaka ikalainika, akatia chumvi tu, akasonga ugali wake mdogo. Alitandika mkeka uani, akakaa na mguu wake umenyooka, akaanza kula. Machozi yalimtoka tangu tonge la kwanza na hakuyafuta, wala hakuacha kutafuna. Mimi nilikaa mlangoni nikingoja. Katika maisha yake yote, hata miaka ile ya njaa, mama yangu hakuwahi kula mbele ya mtu bila kumwambia karibu. Alikula mpaka akamaliza, akapangusa bakuli kwa ugali wa mwisho. Hakunikaribisha.